Mitungi ya Maji Niliyoiita ya Pombe

Mwaka nilipotimiza miaka ishirini na miwili, afande wetu alinivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa kitako cha bunduki. Nilikuwa nimetumwa kupeleleza njia ya kupanda Bwesumbu, nikarudi na kuandika kwamba njia ni tupu. Kesho yake wenzetu watatu waliuawa kwenye njia hiyohiyo. Afande hakunifokea. Aliniambia niweke mkono juu ya kreti ya soda, nikauweka, akapiga mara moja. Kisha akasema, "Wewe mwanafunzi, siku ingine ukiona kitu kidogo, andika kikubwa. Hakuna mtu alikufa kwa kuogopa. Wanakufa kwa kudharau."

Sivitaji vidole hivyo ili nihurumiwe. Wenzangu wengi waliumizwa kuliko mimi na hawakufanya nilichofanya. Navitaja kwa sababu niliyoandika mwezi uliofuata niliyaandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kipande cha shuka, na maumivu yale yalikuwa yananiambia nini cha kuandika. Nami nikayatii.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi mjini Kasese. Baba alikuwa konstebo kutoka Teso, mbali upande wa mashariki, na mama pia alitoka huko. Kambini tulikuwa watoto wa kila kabila, na Kiswahili ndicho tulichogombania na kusameheana nacho. Nilisoma sekondari mpaka mwaka wa nne, kule Kilembe, na vita vya milimani vilipozidi nikaandikishwa katika kikosi cha mgambo kilichokusanywa haraka haraka. Wengi wetu hawakujua kusoma. Mimi nilijua, basi nikafanywa mpelelezi na karani kwa pamoja. Kikosi kile kilivunjwa zamani, na afande yule alishakufa. Nimebaki mimi na mambo niliyoyaandika.

Juu ya Bwera, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuna kilima kilichozungushiwa handaki. Wenyeji wanasema lilichimbwa na mababu zao, ili wavamizi waliokuja kuteka mbuzi na watu wasiweze kupanda. Udongo uliotoka handakini ulirundikwa upande wa ndani ukawa tuta, na tuta likapandwa miti ya miiba. Mlango ni mmoja tu, mwembamba, wa mtu mmoja kupita kwa ubavu. Kila vita ilipokuja, watu wa mabonde ya chini walipanda humo na vyungu vyao na watoto wao, wakakaa mpaka vita ipite. Hata leo ukisimama ndani ya handaki lile ukingo wake unakufika kifuani.

Afande alishuku kwamba maadui wamejificha humo. Nikatumwa kuangalia.

Sikuweza kuukaribia mlango. Palikuwa na wazee wawili wenye mikuki. Nikazunguka upande wa korongo, nikatambaa kwa tumbo mpaka mahali walipokuwa wakitupa taka. Hapo nilikuta majivu, maganda ya maharagwe na lundo la vigae. Vingi vilikuwa vya mitungi mikubwa, shingo zake nene kama mkono wa mtu mzima. Nikahesabu shingo. Zilikuwa kumi na moja.

Sasa mtu aelewe nilivyofikiri. Mama yangu alikuwa akitengeneza pombe ya wimbi, yaani ulezi, nyuma ya nyumba yetu kambini. Kwetu Teso pombe hiyo hunywewa mtungini. Mtungi mkubwa unawekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa, na wanaume kumi au kumi na watano wanakaa kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Tangu nikiwa mtoto, mtungi mkubwa kwangu ulimaanisha duara la wanaume. Nilipoona shingo kumi na moja pale kwenye majivu, niliona miduara kumi na moja ya wanaume wenye nguvu, waliokuwa wakinywa na kusubiri kutushukia.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Katikati ya vigae vile kulikuwa na kijungu kidogo cha kukaa kwenye kiganja, kimepasuka upande mmoja tu. Ndani yake uji ulikuwa umekauka. Nilijua ni cha nini. Mama alikuwa na kama hicho cha kumpashia uji mdogo wangu alipokuwa akiota meno. Nilikishika kwa mkono mzima, nikakitazama. Vidole vya mkono ule mwingine vikaniuma. Nikakiweka chini, nikakikanyaga kwa buti mpaka kikawa unga, kisha nikasambaza unga ule kwenye majivu.

Nikarudi nikaandika: wapiganaji wengi, zaidi ya mia moja, wana pombe ya kutosha, hakuna dalili ya wanawake wala watoto.

Siku ya tatu tulipanda. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, ule unaoshuka kutoka kwenye theluji ya vilele vya milima na kukaa mabondeni mpaka saa nne. Tulibeba magogo ya kuvukia handaki. Wazee wawili wa mlangoni walipigwa risasi kabla hawajainua mikuki, na mmoja wao akaangukia ndani ya handaki akabaki ameketi kama mtu anayepumzika. Afande akatupa bomu la mkono juu ya tuta, akatupa la pili, kisha akapuliza filimbi.

Niliingia miongoni mwa wale wa mwanzo. Moshi wa mabomu na moshi wa jikoni ulikuwa umechanganyika, na sikuona kitu. Tulikuwa tukifyatua risasi mbele yetu kwa usawa wa kiuno, kama tulivyofundishwa. Nikasikia vyungu vikipasuka. Mtungi mkubwa uliojaa ukipigwa risasi haulii sana, unatoa mlio mzito kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Ilipasuka mmoja baada ya mwingine, na kilichokuwa ndani kikamwagika kikaja miguuni petu, kikalowesha buti. Nilingoja harufu ya wimbi. Haikuja. Yalikuwa maji.

Pale nikajua. Ukungu ulikuwa haujaondoka, sikuwa nimeona uso wa mtu hata mmoja, lakini nilijua tayari tumeingia mahali gani. Naandika hili wazi kwa sababu watu wengi wa umri wangu husema, hatukujua. Mimi nilijua nikiwa na risasi nyingi bado, na niliendelea. Mwanamke mmoja alitoka kwenye kibanda akiwa ameshika mwiko. Aliyekuwa kulia kwangu alimpiga risasi ya shingo. Mzee mmoja alinishika mguu, sijui alitaka kuniangusha au kuniomba. Nilimpiga kichwani kwa kitako cha bunduki mara tatu. Ya kwanza ingetosha. Watoto walikuwa wakikimbilia mlango ule mwembamba wote kwa pamoja, na wenzetu wenye mapanga walikuwa wamesimama hapo.

Tulipomaliza, afande alizunguka akigeuza maiti kwa mguu. Akanijia.

"Mwanafunzi. Wanaume wako wako wapi?"

"Wamekimbia, afande."

Hakuwa mjinga. "Basi andika hivyo," akasema. "Andika na silaha."

Nikaandika. Mwezi uliofuata nikapewa cheo.

Wiki moja baada ya shambulio lile nilikuwa sokoni Bwera nikinunua sigara, nikawasikia wanawake wa samaki wakizungumza. Walisema walionusurika kule juu wamemwua kijana wao wenyewe. Kijana huyo alikuwa akishuka Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, kuwachukulia chumvi, na mtu fulani alimwona njiani amesimama na mgambo. Basi aliporudi na mzigo wake wa chumvi kichwani, akakuta jamaa zake wameuawa, walimkamata wakasema ndiye aliyewauza. Walimpiga mawe mpaka akafa. Wakamzika ng'ambo ya kijito, kifudifudi, kama anavyozikwa msaliti, na wakakatazana kumpa mtoto yeyote jina lake.

Nikampelekea afande habari hiyo. Alicheka mpaka akakohoa. "Waache wamalizane," akasema. "Wametupunguzia kazi."

Hakuna mtu aliyetuambia neno lolote kuhusu kilima kile. Hatukuwa na mtu wa ndani. Tulikuwa na ripoti yangu tu. Ningeweza kumnong'oneza hata mwanamke mmoja wa samaki, naye angepeleka neno. Sikumnong'oneza yeyote. Niliogopa afande, ni kweli, lakini miaka mitano baadaye sikuwa na afande tena na bado nilinyamaza.

Niliacha mgambo, nikafanya kazi ya lori, nikamwoa mwanamke wa Kikongo kutoka upande wa Butembo, nikajenga Bwera. Mke wangu ametangulia. Kanisani nikafanywa mzee wa jumuiya. Kwa padri nimekiri uzinzi, ulevi, hasira, nimekiri hata mzee yule niliyemponda kichwa. Kijana wa chumvi sikuwahi kumkiri.

Na dadake alikuwa jirani yangu.

Nyumba yake ipo chini ya yangu, karibu na mahali anapochimba udongo wake. Ni mfinyanzi. Ana kovu linaloanza sikioni mpaka chini ya taya, na akicheka upande mmoja tu wa mdomo ndio unaopanda. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, akarudi mjane, na Kiswahili chake ni cha Kongo mpaka leo. Nilijua tangu mwaka wa kwanza kwamba alitoka kilimani na kwamba ni dada wa kijana yule, kwa sababu kila mtu alijua. Tulisalimiana kila asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nikimnunulia vyungu. Wanangu walipooa, zawadi za vyungu zilitoka mikononi mwake.

Mwaka juzi akaja mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke wa makamo kutoka Tanzania, anayechunguza maboma ya zamani. Alitaka kulichimba eneo la ndani ya handaki. Wenyeji wakamwambia, yule mzee anakijua kilima. Ilikuwa kweli, ingawa hawakujua nilikijuaje. Akaniajiri nisimamie vifaa, akamwajiri na jirani yangu kwa sababu anaujua udongo. Ningeweza kukataa. Nadhani nilikubali ili niwe pale kikitokea kitu, nikizuie. Ndivyo nilivyokuwa.

Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kukaa kwenye turubai na kuosha vigae kwa mswaki. Mwalimu alitufundisha kuvisoma. Kigae chenye masizi ubavuni na wekundu chini kilikaa juu ya mafiga, kwa sababu moto mkali huyala masizi ya chini. Kigae chenye tundu dogo kando ya ufa kilikuwa cha chungu kilichoshonwa kwa kamba ili kisitengane, na mwalimu akasema huenda watu wale hawakuweza kushuka kufuata udongo mpya kwa sababu ya adui. Vigae vyenye weupe wa chumvi vilikuwa sehemu moja, karibu na mlango, mahali walipogawiana. Vigae vidogo vilivyosuguliwa vikawa duara vilikuwa vya mchezo wa watoto, navyo vilikuwa vingi kuliko vyote. Vilitoka chini sana, chini ya tabaka nyingi za majivu. Watoto walikuwa wamefungiwa kilimani vita baada ya vita, na katika kila vita walikuwa wamecheza.

Siku moja mwalimu aliinua shingo nene, ya zamani, akasema, "Na hii mitungi mikubwa, nafikiri ni ya pombe. Inaonyesha mikusanyiko ya wanaume. Labda walinzi."

Jirani yangu akaacha kuosha. "Pombe? Mwalimu, nani alikudanganya?"

"Ukubwa wake, mama."

"Ukubwa. Hata mbuzi iko na ndevu, haiko muzee." Wachimbaji wakacheka, na mwalimu naye akacheka. "Sisi pombe yetu ni ya ndizi. Inalala mu mutumbwi ya muti, banakunywa na kibuyu. Chungu haiguse. Weka kidole mu ndani. Iko namna gani?"

"Laini."

"Pombe inakula udongo, inaacha matundu. Hii ni ya mayi. Ku hii kilima haiko mayi, hata tone. Bamama walikuwa banashuka ku kijito, banapanda na mutungi ku mugongo. Ukiona mitungi mingi, ujue bamama mingi, batoto mingi, na kiu."

Mwalimu akaandika kwenye daftari lake. Kwa dakika moja alikuwa amekosea kosa langu, akarekebishwa kwa kidole kimoja, na hakuna aliyekufa. Mimi nilisema nakwenda kujisaidia. Nilishuka nikakaa ndani ya handaki.

Wiki iliyofuata wachimbaji walifika mahali ambapo majani yalikuwa yamefunika tabaka la juu kabisa, lile ambalo mwalimu hakulijali sana. Wakakuta mafiga matatu na chungu juu yake. Kilikuwa kimevunjika upande mmoja, na ndani kulikuwa na maharagwe yaliyoungua yakawa makaa, kila moja na umbo lake. Pembeni palikuwa na ganda la risasi. Mwalimu aliita watu waje kuona.

Jirani yangu akapiga magoti. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa chungu, polepole, mpaka kikasimama mahali palipofinywa kwa ukucha mara tatu.

"Hii haiko ya zamani," akasema. "Hii ni ya mama yangu. Alikuwa anafinya hivi, moja, mbili, tatu. Alinifundisha, mimi nikaacha, nikaona ni ya bazee."

Akaendelea akiwa bado amepiga magoti, kama anayemweleza mwalimu kazi. Alisema asubuhi ile mama yake alimtuma kutoa kuni mlangoni. Alikuwa na miaka tisa. Aliposikia mlipuko alikimbia pamoja na wenzake, na mgambo mmoja akamkata penye kovu lile, akaangukia handakini juu ya wengine, na wengine wakaanguka juu yake. Alibaki chini yao mpaka jioni. Mama yake na wadogo zake wawili walikufa karibu na mafiga yale.

"Kisha kaka yangu akarudi na chumvi," akasema. "Banasema ndiye alituuza. Banamufunga. Mutu mumoja akanipatia jiwe mu mukono, akasema, tupa, ndiye aliua mama yako. Nikatupa. Lilimupiga hapa." Akagusa shavu lake chini ya jicho, upande usio na kovu. "Alikuwa ananiita na jina langu. Banamaliza, banamuzika kule ng'ambo, sura chini. Tangu siku ile sijavuka ile kijito."

Mwalimu akamshika bega. "Mama, ulikuwa mtoto."

"Mutoto anajua kutupa jiwe." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Mimi najiuliza kitu kimoja tu. Kama alituuza, nilifanya sawa. Kama hakutuuza, nikikufa nitamukuta kule. Nitamuambia nini?"

Miaka yote ile ya salamu za asubuhi sikujua kwamba na yeye alitupa jiwe. Nilidhani nimemwibia kaka. Kumbe nilikuwa nimemwekea jiwe mkononi.

Nikasema, "Mama, kaka yako hakusema neno."

Hakugeuka. "Wewe unajua namna gani, jirani?"

"Mimi ndiye niliyepanda kabla ya ile siku. Nilikuwa mgambo. Niliona vigae kule wanakotupa taka, vya mitungi mikubwa. Nikadhani ni ya pombe, kama ya kwetu. Nikaandika wapiganaji. Hakuna mtu aliyetuambia. Ni mimi."

"Uliona vigae tu."

"Niliona na kijungu cha mtoto. Nikakiponda. Sikukiandika."

"Ulijua kuko batoto."

"Nilijua."

"Na kaka yangu? Ulisikia walimuua?"

"Nilisikia wiki ileile. Pale sokoni."

Akauliza tena, kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia kuni, "Na miaka hii yote ulikuwa unapita ku mulango yangu."

"Ndiyo."

Aliinua figa lililokuwa karibu na goti lake, jiwe la ukubwa wa nazi, akanipiga nalo mdomoni. Sikuona likija. Nilianguka chali, nikahisi meno yakiwa huru mdomoni kama maharagwe. Alinipiga tena, begani, kisha jiwe likamponyoka. Wachimbaji walikuwa wamesimama. Wengi wao ni wajukuu wa watu wa kilima kile. Mmoja akanipiga teke la mbavu, mwingine akaja na sululu, na mwalimu akajitupa mbele yake akisukumwa huku na huku. Nilifumba macho. Nakiri kwamba nilitaka wamalize.

"Mumuachie," jirani yangu akasema.

"Mama, huyu ni nyoka."

"Mumuachie, nimesema. Akikufa leo, nani atasema mbele ya bazee? Mimi? Nani ataniamini? Mimi ni dada yake."

Hivyo ndivyo nilivyopona.

Nilikaa hospitali siku tisa. Nilitoa maelezo yangu polisi, nikayasaini, nikaambiwa nisiondoke wilayani. Nyumba yangu ilichomwa siku ya tatu, na mbuzi wangu wanne walikutwa wamekatwa miguu wakiwa hai. Wanangu walihama wakaenda Kasese mjini. Mkubwa alinipigia simu mara moja. Alisema, "Baba, siri hiyo ungekufa nayo." Nikamwambia ni kweli ningeweza. Akakata.

Baraza la ukoo lilikaa uani kwa jirani yangu. Niliketishwa chini mbele ya watu, nikasema yote tangu kreti ya soda. Midomo ilikuwa bado na nyuzi, maneno yalitoka yamevimba, na mzee mmoja alinifanya nirudie kila jambo mara mbili ili asiwepo wa kusema hakusikia. Alipotaka kujua kwa nini nilidhani ni pombe, nikamweleza habari ya mirija ya kwetu. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo watu wetu walikufa kwa desturi ya kunywa ya kabila lingine," akasema.

"Hapana, mzee," nikasema. "Kwa desturi walikufa mpaka pale nilipokiona kijungu. Baada ya hapo walikufa kwa uongo wangu."

Vijana walitaka nitolewe nje niuawe. Wazee wakaamua kwamba kijana wa chumvi arudishwe kwao, na aliyemweka ng'ambo ndiye amvushe.

Nilichimba peke yangu, kwa jembe la kukodi mkononi mwa mtu wa miaka sabini na mbavu zilizovunjika. Ilichukua asubuhi nzima. Walikuwa wamemzika kwa kina kifupi. Alikuwa kifudifudi kama walivyosema, mikono nyuma, na kamba imebaki alama tu kwenye udongo. Shavu moja lilikuwa limevunjika chini ya jicho. Niliitoa mifupa mmoja mmoja nikaiweka kwenye kikapu kipya walichonipa, nikakiweka kichwani.

Watu walijipanga njia nzima. Walinitemea mate, na wengine walikuwa na fimbo. Katikati ya kijito niliteleza nikapiga magoti majini, lakini kikapu sikukiangusha. Jirani yangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amevuka kijito kile kuja na sasa alikuwa akivuka kurudi. Kila niliposimama alisema neno moja, "Tembea."

Kaburi lilikuwa tayari, kando ya migomba ya jirani yangu, ubavuni pa kaburi la mama yao. Walimlaza chali. Mjukuu wa jirani yangu aliyezaliwa mwezi ule akapewa jina la kijana yule, likaitwa kwa sauti mbele ya wote, na wanawake wakalia kana kwamba amekufa asubuhi hiyo.

Watu walipotawanyika, jirani yangu alibaki amechuchumaa kaburini akisema na kaka yake kwa Kikonzo, lugha ya kwao. Alisema kwa muda mrefu, bila kulia, kama mtu anayejibu maswali. Kikonzo changu ni kidogo. Nilielewa jiwe, na nilielewa mama. Mengine hayakuwa yangu.

Alipoinuka aliniona bado nimesimama kwenye migomba. Nilikuwa nimeegemeza jembe kwenye ukuta wa jiko lake, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Chukua jembe yako," akasema. "Hapa haibaki kitu yako."

Nikalichukua.